Podikasti Fupi ya Mahojiano: Mwongozo kwa Wanafunzi wa Kendu Bay

Mvua kubwa zilizoanza mwishoni mwa mwaka 1961 zilipandisha maji ya Ziwa Victoria, na kufikia mwaka 1964 kimo cha ziwa kilikuwa kimeongezeka kwa takriban mita 2.5. Nchini Kenya, mafuriko hayo hujulikana kama mafuriko ya Uhuru. Mwaka 2020 maji yalipanda tena, yakakaribia kimo kile kile, na familia nyingi za ufuoni zikalazimika kuhama.

Mtoto aliyekuwa na miaka 10 mwaka 1962 sasa amepita miaka 70. Wakazi walioyaona mafuriko yote mawili kwa macho yao wanazidi kupungua, na mengi wanayoyajua hayajaandikwa popote. Mwanafunzi mwenye simu anaweza kuyahifadhi kwa njia ya podikasti, yaani kipindi cha sauti ambacho msikilizaji hukisikiliza kwa wakati anaoutaka yeye. Zifuatazo ni hatua za kuandaa mahojiano ya dakika 5.

1. Chagua swali moja

"Mafuriko" ni mada pana mno kwa dakika 5. "Familia ilijuaje kwamba wakati wa kuhama umefika?" ni swali linaloweza kujibiwa. Vivyo hivyo kwa mada nyingine za Kendu Bay: kazi iliyofanyika gatini wakati meli zilipokuwa zikitia nanga, au jinsi kila ukoo unavyosimulia hadithi ya Simbi Nyaima, kijiji kinachosemekana kuzama baada ya wenyeji kumfukuza bibi kizee aliyeomba hifadhi.

2. Omba ruhusa

Sauti ya mtu ni taarifa yake binafsi, nayo inalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Data ya mwaka 2019. Kabla ya kuwasha simu, mwanafunzi amweleze mzee sababu ya mahojiano, mahali yatakaposikika, na kwamba ana haki ya kubadili nia. Kisha arekodi ruhusa hiyo mwanzoni kabisa. Ikiwa anayehojiwa ni mtoto, ruhusa hutoka kwa mzazi au mlezi.

Lugha ichaguliwe na mzee. Anayeyakumbuka mambo kwa Dholuo aachwe aseme Dholuo. Muhtasari wa Kiswahili unaweza kusomwa na mwanafunzi baadaye.

3. Chagua saa na mahali

Nchi kavu hupata joto upesi kuliko maji, kwa hiyo kadiri jua linavyopanda, upepo huanza kuvuma kutoka ziwani. Upepo huo ukipiga kipaza sauti cha simu, hutoa mngurumo usioweza kuondolewa vizuri. Saa za asubuhi, kabla haujaanza, ndizo bora. Chumba chenye mapazia, viti vya kitambaa au kitanda hupunguza mwangwi. Paa la mabati wakati wa mvua, injini za boti na bodaboda ziepukwe.

Simu iwekwe karibu shubiri moja kutoka mdomoni mwa msemaji, pembeni kidogo ili pumzi isiipige. Izimwe mtandao, kwa kuwa simu ikipigwa katikati inaweza kukatiza rekodi. Rekodi sekunde 20 za majaribio, uzisikilize kwa spika za masikioni, kisha ndipo uanze. Mwishoni, wote wanyamaze kwa sekunde 30 huku simu ikiendelea kurekodi. Utulivu huo wa chumba utatumika kuziba mapengo wakati wa kuhariri.

4. Uliza, kisha nyamaza

"Je, mafuriko yalikuwa mabaya?" huleta jibu la "ndiyo". "Asubuhi ile ulipotoka nje uliona nini?" huleta kisa. Mzee akinyamaza, mwanafunzi asikimbilie swali linalofuata. Mara nyingi jambo zito zaidi huja baada ya kimya hicho. Kumbukumbu za mafuriko zinaweza kugusa vifo na hasara. Mzee akionyesha kwamba hataki kuendelea, swali hilo liachwe.

5. Hariri bila kupotosha

Rekodi ya awali ihifadhiwe kama ilivyo, na kazi ifanywe kwenye nakala. Programu ya Audacity, inayopatikana bila malipo, inatosha kwa kompyuta ya shule. Sikiliza yote mara moja ukiandika dakika na sekunde za sehemu muhimu, kisha ondoa marudio, kikohozi na maswali yasiyohitajika.

Hapa ndipo makosa makubwa hutokea. Tuseme mzee amesema: "Tulihama mwaka ule, lakini si kwa sababu ya maji peke yake, shamba nalo lilikuwa limechoka." Mwanafunzi akikata baada ya neno "ule", msikilizaji ataamini kwamba maji pekee ndiyo yaliyowahamisha. Kila neno litakuwa la mzee, na habari itakuwa ya uongo. Kanuni ni kwamba sababu, sharti na neno "lakini" havikatwi. Lawama isikatwe kwa kuwa inaiudhi ofisi fulani, wala sifa isikatwe ili kisa kiwe kikali.

Miaka pia ilinganishwe na taarifa zilizoandikwa. Tarehe ikitofautiana, maneno ya mzee yabaki, na mwanafunzi aeleze tofauti hiyo katika utangulizi.

6. Hifadhi na usambaze

Rekodi ya awali ya WAV, ya mkondo mmoja, huchukua takriban megabaiti 5 kwa dakika. Kipindi cha dakika 5 kikigeuzwa kuwa MP3 ya kilobiti 64 kwa sekunde hubaki karibu megabaiti 2.4, kiasi ambacho msikilizaji mwenye bando dogo anaweza kumudu. Nakala mbili zihifadhiwe mahali tofauti, zikiwa na jina la msemaji, mahali na tarehe.

Kabla ya kusambaza, mwanafunzi arudi kwa mzee amchezee kipindi kilichokamilika na amuulize: "Hivi ndivyo ulivyosema?" Akikataa, kazi irudi mezani.

Zoezi: Andika maswali matano utakayomuuliza mkazi wa wadi yako aliyeona maji ya ziwa yakipanda. Futa kila swali linaloweza kujibiwa kwa "ndiyo" au "hapana", kisha andika jingine mahali pake.