Mayatima wa Kilelengwani na Kisasi Kifundishwacho Nyumbani

Bismillahi Rahmani Rahim.



Somo letu la leo ni juu ya watoto na watu wa nyumbani pale vita vya wenyewe kwa wenyewe vinapoingia mjini. Hatukwenda mbali kutafuta mfano. Tumeuchukua Kilelengwani, katika nchi ya chini ya Mto Tana, upande wa Garsen, ambako miongoni mwa waliouana wamo watu waelekeao kibla kimoja.

Tuanze kwa khabari yenyewe. Wapokomo ni wakulima wa mpunga, migomba na miembe kandokando ya mto. Waorma ni wafugaji wa ng'ombe. Mto ni mmoja. Ukame ukizidi, mfugaji hana budi kushuka mtoni kunywesha, na njia za mifugo hupita penye mashamba. Ng'ombe akila mpunga, mkulima hughadhibika. Ng'ombe akikatwa panga, mfugaji hughadhibika. Ugomvi huu ni wa zamani, na mwaka 2001 ulikwisha mwaga damu. Mwaka 2012 ulivuka mpaka. Tarehe 22 Agosti kilivamiwa kijiji cha Waorma cha Riketa, wakauawa watu zaidi ya 50, wengi wao wanawake na watoto. Tarehe 7 Septemba kikavamiwa Chamwanamuma, kijiji cha Wapokomo. Tarehe 10 Septemba, asubuhi mapema, wakaingiliwa watu wa Kilelengwani. Msalaba Mwekundu walihesabu maiti 38: wanaume 16, watoto 8, wanawake 5 na askari polisi 9. Nyumba zikachomwa moto, maelfu wakahama, Serikali ikaweka amri ya kutotoka usiku. Na juu ya hayo, tarehe 21 Desemba damu ikamwagika tena, mara hii Kipao.

Tuzitazame tarehe hizi kwa makini. Damu ilidaiwa kuwa ni malipo ya damu iliyotangulia. Lakini mtoto wa Riketa hakufufuka kwa kufa watu wa Chamwanamuma, wala mjane wa Chamwanamuma hakupata mume kwa kufa watu wa Kipao. Faida iliyopatikana ni kaburi juu ya kaburi, na yatima juu ya yatima.

Sasa tuulize: aliyekuwa mtoto wa miaka 8 mwaka ule, yuko wapi? Amekwisha kuwa mtu mzima, ana nguvu za kushika jembe, fimbo au panga. Lipi kati ya hayo atalishika siku ya ugomvi? Jawabu yake iko katika yale aliyoyasikia nyumbani miaka yote hii: mama yake alipomlaza, babu yake alipozungumza barazani, ami zake walipotaja majina ya waliokufa. Ikiwa kila siku aliambiwa "kabila fulani ndilo lililomuua baba yako," basi tumemlea askari wa vita vijavyo, nasi tunadhani tunamlea yatima.

Kauli hiyo ni ya uongo, kwani kabila haliui, huua mtu. Mwenyezi Mungu Mtukufu ametufundisha katika Qur'ani, mahali pengi, kuwa hakuna nafsi itakayobeba mzigo wa nafsi nyengine. Na pale alipompa walii wa aliyeuawa haki yake, katika Sura ya Bani Israil, alimkataza papo hapo kupindukia mpaka. Haki ni kwa muuaji mwenyewe, mbele ya hakimu, kwa ushahidi. Hatusemi wauaji waachwe; kumficha muuaji kwa kuwa ni wa kabila letu ni dhulma. Tunasema kuwa ndugu yake aliyekuwa amelala, na mkewe, na mtoto wake mchanga, hawana deni. Mtume (S.A.W.) alikataza kuuawa wanawake na watoto hata katika vita na makafiri, seuze Mwislamu kumvamia mtoto wa Mwislamu mwenziwe kitandani?

Tena tuikumbuke Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra. Mtume (S.A.W.) alitangaza kuwa visasi vyote vya damu za zama za ujahili vimefutwa, na cha kwanza kukifuta kilikuwa cha nyumbani kwake: damu ya mwana wa Rabia bin Harith, binamu yake. Huyo alikuwa mtoto anyonyaye, aliyekuwa akilelewa katika Bani Saad, akauawa na watu wa Hudhail. Hebu tuzingatie. Mtoto asiye na kosa, wa ukoo mtukufu, na wenyewe wamekwisha pata nguvu ya kulipiza. Na juu ya hayo kisasi chake kikazikwa. Hakungoja upande wa pili uanze. Basi nani katika sisi, Mpokomo au Muorma, atakayedai kuwa damu ya kwao ni tukufu kuliko hiyo?

Yatupasayo ni haya. Kwanza, mama na baba wamwambie mtoto ukweli kwamba mzazi wake aliuawa kwa dhulma, wamfundishe kumwombea, wala wasimrithishe kabila la kulichukia.

Pili, mali ya mayatima ihifadhiwe. Shamba na ng'ombe wa marehemu si wa ami wala si wa mjomba. Anayeila mali hiyo kwa dhulma, Qur'ani imemweleza kuwa anakula moto tumboni mwake. Mirathi ipelekwe kwa Kadhi, ambaye Katiba ya Kenya ya mwaka 2010 imemthibitisha katika mambo hayo, na haki za mjane zitolewe kamili.

Tatu, tuache kuchinja na kupika karamu kubwa kwa jina la marehemu hali watoto wake hawana ada ya shule. Sadaka iliyo bora kwa maiti huyo ni daftari na nguo ya mwanawe.

Nne, vyuo vya Qur'ani viwasomeshe watoto wa mkulima na wa mfugaji juu ya jamvi moja. Waliosoma Alif pamoja huona haya kuchomeana nyumba.

Mtume (S.A.W.) ametuahidi kuwa mlezi wa yatima atakuwa karibu naye Peponi kama vidole viwili vilivyo karibu. Wala hakuuliza yatima huyo ni wa kabila gani. Basi mwenye hima kati yetu na avuke ng'ambo ya pili, akamlishe yatima wa wale anaowaita adui. Huo ndio mwisho wa vita. Mengine yote ni mapumziko tu.

Mwenyezi Mungu awarehemu waliokufa, awalee mayatima wao, na atutoe nyoyoni ujahili. Amin.