Kumchora Mbaraka Mwinshehe kwa Rangi za Maji

Wanafunzi wengi wa shule za sekondari huchora. Jalada la daftari la hesabu aghalabu huwa na sura ya mchezaji wa mpira, mwimbaji, au shujaa wa hadithi za picha, iliyochorwa kwa kalamu ya wino wakati mwalimu ameuelekea ubao. Michoro hii, ambayo shabiki humchora yule ampendaye, haihesabiwi kuwa ni jambo la sayansi. Hata hivyo, mwanafunzi akikusudia kuitoa sura hiyo daftarini na kuikamilisha kwa rangi za maji, hana budi kukutana na fizikia, kemia na hisabati zilezile anazofundishwa darasani. Katika makala hii tutaifuata kazi moja ya namna hiyo, tangu karatasi ikiwa tupu.

Mtu atakayechorwa ni Mbaraka Mwinshehe Mwaruka, na mahali pa kazi ni Kilakala, mjini Morogoro, chini ya milima ya Uluguru. Mbaraka alikuwa mtunzi, mwimbaji na mcharazaji wa gitaa la solo wa Morogoro Jazz. Mwaka 1970 alikwenda na bendi hiyo kwenye Maonyesho ya Dunia mjini Osaka, Japani; mwaka 1973 akaunda bendi yake ya Super Volcano; na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari mjini Mombasa. Mwanafunzi wa leo hakumwona. Anaijua sauti yake, na anazijua picha zake, ambazo nyingi ni nyeusi na nyeupe. Ugumu wa kazi hii uko hapo: shabiki anataka rangi, na picha haina rangi. Je, aongeze nini bila ya kumsingizia marehemu?

USHAHIDI WA PICHA NYEUSI NA NYEUPE

Filamu ya picha nyeusi na nyeupe hupokea kiasi cha mwanga tu. Haihifadhi habari ya rangi ya mwanga huo. Shati jekundu na shati la kijani yanaweza kutokea katika kijivu kilekile, na hakuna ujuzi wowote wa mchoraji utakaoyatenganisha baadaye. Kwa hiyo yafaa mambo mawili yatofautishwe tangu mwanzo. La kwanza ni kiwango cha kiza, ambacho picha inakitolea ushahidi. La pili ni rangi yenyewe, ambayo picha hainenei lolote.

Mchoraji na atengeneze kipimo. Akate ukanda wa karatasi, augawe katika vyumba saba, cha kwanza akiache cheupe, cha saba akipake kiza kabisa, na vilivyo katikati avipande ngazi kwa ngazi. Ukanda huo auweke kando ya picha, na kila sehemu ya uso, ya nguo na ya gitaa aiandikie namba yake kwenye mchoro wa majaribio. Kuanzia hapo sheria ni moja: rangi yoyote atakayoichagua lazima iwe na namba ileile ya kiza. Mwenye simu yenye kamera anaweza kujisahihisha kwa kuipiga picha kazi yake na kuiondolea rangi. Asiye nayo na afumbe macho nusu, maana katika mwanga mdogo jicho hupoteza rangi kabla ya kupoteza tofauti ya mwanga na kiza.

Rangi ya shati isipojulikana, kwa maoni yangu lipakwe kijivu cha joto au kahawia hafifu, isiyodai lolote. Shati la rangi ya kung'aa lililobuniwa hupendeza siku moja, na baada ya miaka kumi huwa limekwisha kugeuka historia.

KUKUZA, NA HESABU YA GITAA

Tuseme picha ina sentimita 6 kwa 9, na mchoro utakuwa na sentimita 24 kwa 36. Uwiano wa urefu ni 4, lakini eneo limeongezeka mara 16. Wengi hulisahau jambo hili, na hushangaa rangi yao kwisha kabla ya kazi. Picha igawanywe katika miraba ya sentimita moja na karatasi katika miraba ya sentimita nne, kisha kila kilichomo katika mraba mdogo kihamishiwe katika mraba mkubwa kwa penseli nyepesi. Macho yapimwe kwanza, kwani kosa la milimita mbili katika jicho humgeuza mtu kuwa mwingine.

Gitaa ladai uangalifu wa pekee. Shingoni mwake mna vijiti vya chuma vilivyolala kukata njia ya nyuzi. Mpigaji akibana uzi nyuma ya kijiti, sehemu inayotetemeka hufupika na sauti hupanda. Mchoraji asiyejua huvipanga kwa nafasi sawa, kama ngazi ya kupandia darini, na mpiga gitaa yeyote huliona kosa papo hapo. Oktava moja ina hatua 12 zilizo sawa masikioni, na oktava hupatikana kwa kuufupisha uzi mpaka nusu. Kwa hiyo kila hatua huuzidisha urefu wa uzi kwa 0.944 hivi, yaani namba ambayo ikizidishwa kwa yenyewe hata itokee mara 12 huleta nusu. Uzi ukiwa na sentimita 64, kijiti cha kwanza kitakuwa sentimita 3.6 kutoka mwanzo wa shingo, cha pili kitakuwa 3.4 zaidi, na nafasi kabla ya kijiti cha 12 itakuwa 1.9 tu. Kijiti hicho cha 12 husimama katikati kabisa ya uzi. Ikiwa katika picha shingo ya gitaa imemwelekea mtazamaji, nafasi hizo zitabanwa pia na mtazamo. Lakini hata hapo picha yenyewe na ipimwe kwa rula, isikisiwe.

KARATASI NA MAJI

Karatasi ni nyuzi za selulosi. Nyuzi hizo zikinywa maji huvimba, zaidi kwa unene kuliko kwa urefu, na karatasi nyembamba hujikunja vilima na mabonde ambamo rangi hutuama. Wachoraji hutumia karatasi nzito ya pamba, yenye gramu 300 kwa mita mraba. Bei yake si ya mwanafunzi. Manila nene ya shule yaweza kutumika, ikiwa itaroweshwa yote, ilazwe juu ya ubao, na kingo zake zote nne zigandishwe kwa ukanda wa karatasi wenye gundi. Ikikauka hunywea na kukazika kama ngozi ya ngoma. Ila ijulikane kwamba karatasi iliyotokana na mbao na kubakiwa na lignini hugeuka manjano kwa mwanga. Kazi ya kudumu haifai kufanywa juu yake.

Rangi ya maji ni chembe ndogo sana za rangi zilizochanganywa na ulimbo wa miti ya jamii ya migunga, hasa Senegalia senegal, ambayo zamani iliitwa Acacia senegal. Ulimbo huo huyeyuka tena ukipata maji. Ndiyo sababu kosa laweza kufutwa kwa brashi yenye unyevu, na ndiyo sababu pia mkono unaosugua mara mbili huharibu tabaka la chini.

Weupe wa rangi za maji ni karatasi. Mwanga hupita katika tabaka la rangi, hugonga karatasi, na hurudi kupitia tabaka lilelile. Tuchukulie tabaka linalopitisha asilimia 80 ya mwanga kwa safari moja: kwa kwenda na kurudi hubaki asilimia 64. Matabaka mawili hubakiza asilimia 41, na matatu asilimia 26. Kiza huongezeka upesi kuliko mchoraji anavyotazamia, na kukipunguza ni shida. Kwa hiyo huanza na hafifu na kumalizia na nzito.

Tone la rangi likikauka huacha ukingo wenye kiza. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 1997 ulieleza sababu yake: ukingo wa tone umeng'ang'ania karatasi, uvukizi ni mkubwa zaidi pale ukingoni, na maji ya katikati husafiri kwenda kufidia, yakizibeba chembe za rangi. Mchoraji huuzuia ukingo huo kwa kuinamisha ubao kidogo na kuutunza mwisho wa rangi uwe mbichi mpaka eneo zima likamilike. Kilakala wakati wa masika hewa hujaa mvuke, na tabaka moja hukawia kukauka; wakati wa kiangazi brashi haijafika upande wa pili na mwanzo umekwisha kukauka. Mwalimu anaweza kuwapa wanafunzi jaribio la kupaka mraba uleule asubuhi yenye ukungu na mchana wa jua, wakiandika dakika.

MILIMA, KISHA NGOZI

Milima ya nyuma hupakwa kwanza, karatasi ikiwa bado na maji, ili kingo zake ziwe laini. Kilele cha Lupanga, kinachoutazama mji kutoka zaidi ya mita 2,100, kina msitu wa kijani, lakini kwa mbali huonekana cha samawati. Hewa iliyo kati ya jicho na mlima hutawanya mwanga wa mawimbi mafupi zaidi kuliko wa mawimbi marefu, na mwanga huo uliotawanywa huufunika mlima. Kadiri safu ilivyo mbali ndivyo ipakwavyo hafifu na kwa samawati zaidi.

Ngozi ndiyo kazi kubwa. Vitabu vingi vya uchoraji vilivyoandikwa Ulaya huanzia ngozi nyeupe, na mwanafunzi wetu akivifuata huishia kutia rangi nyeusi ya kopo katika kahawia. Matokeo yake ni uso uliokufa. Nyeusi ya masizi humeza mwanga wa mawimbi yote karibu sawasawa. Melanini ya ngozi haifanyi hivyo. Humeza samawati zaidi na kurudisha wekundu, na hata kivuli cha ngozi nyeusi kina joto ndani yake.

Changanya kahawia iliyochomwa ya Siena na bluu ya ultramarini. Ya kwanza ni udongo wa chuma: udongo wa manjano ukichomwa hupoteza maji na kuwa oksidi nyekundu ya chuma, jamaa ya ile inayowekundisha udongo wa sehemu nyingi za nchi yetu. Ya pili zamani ilisagwa kutoka jiwe la thamani la Afghanistan, mpaka karne ya 19 ilipoanza kutengenezwa viwandani. Ndiyo iliyokuwa kwa miaka mingi katika bluu ya kufulia nguo. Rangi hizi mbili, zikizidishwa moja au nyingine, hutoa kahawia ya shavu, kijivu cha chini ya kidevu, na kiza cha nywele kinachokaribia weusi bila ya kuwa weusi mtupu.

Mng'ao wa paji la uso si rangi ya ngozi. Ni mwanga ulioakisiwa na uso wa juu wa ngozi kabla ya kufika penye melanini, nao huchukua rangi ya taa. Mbaraka akichorwa nje, mng'ao una samawati ya anga. Akichorwa jukwaani chini ya balbu, una manjano. Mahali hapo huachwa karatasi tupu, na hupitishiwa utando mwepesi mwishoni. Kabla ya kuanza, mchoraji aamue kama ni nje au ni jukwaani, maana uso mmoja hauwezi kuwa na jua mbili. Aliyekwisha kuichora milima ameamua.

Nyuzi za gitaa ni za mwisho. Karatasi ikiwa imekauka kabisa, rula iwekwe na ncha ya wembe ipite mara moja kwa kila uzi, ikichuna rangi mpaka weupe utokee.

Kisha karatasi igeuzwe. Upande wa nyuma yaandikwe kwa penseli: picha iliyofuatwa na ilikopatikana, aina ya karatasi, majina ya rangi, na orodha ya vilivyobuniwa, mathalani shati, rangi ya gitaa, na milima ambayo haikuwamo pichani. Jina la mchoraji na tarehe vifuate chini yake.