Herufi EAK Nyuma ya Gari: Zinasema Nini, na Hazisemi Nini

Ndugu na dada wa vikundi, somo la mwezi huu limetokana na swali. Mama mmoja wa mwethya ya huku kwetu Tseikuru aliuliza mkutanoni: "Hizo herufi zilizoandikwa ndani ya kitu kama yai, nyuma ya malori, ni za kampuni gani?" Wenzake wakacheka. Lakini alipowageuzia swali wao, hakuna aliyejibu. Basi hebu tulisome jambo hili pamoja, maana lina pesa ndani yake, na siku nyingine lina maisha ya mtu.

Sisi wa Tseikuru tuko mbali na barabara ya Mombasa, lakini wenzetu wa Makueni inapita mlangoni mwao. Ukisimama Emali, Makindu au Mtito Andei kwa nusu saa tu, utaona malori yakitoka bandarini kwenda Uganda, Rwanda, Sudan Kusini na Kongo. Kila gari lina namba yake. Mengine, si yote, yana pia ile alama ya yai: rangi nyeupe, herufi nyeusi. Hiyo si ya kampuni. Ni alama ya nchi ambako gari limeandikishwa. Angalia vizuri: nchi ya gari, si nchi ya dereva. Mkamba wa Kibwezi akiendesha lori la Uganda, alama itabaki ya Uganda.

Mpango huu ni wa zamani. Mataifa yalianza kupatana juu yake huko Paris mwaka wa 1909, magari yalipoanza kuvuka mipaka ya Ulaya. Yakapatana tena Geneva mwaka wa 1949, na Vienna mwaka wa 1968. Kenya ilijiunga na mapatano ya Vienna mwaka wa 2009. Yanasema herufi ziwe moja hadi tatu, urefu wake usipungue sentimita 8, na alama ikae nyuma ya gari likiwa nje ya nchi yake. Trela nalo liwe na yake.

Sasa, kwa nini sisi ni EAK na si K tu? Herufi hizi zilitolewa mwaka wa 1938, wakati Mwingereza alipotawala nchi hizi zote. EA ni Afrika Mashariki kwa Kiingereza, halafu K ya Kenya. Uganda ikawa EAU, na Tanganyika EAT. Zanzibar ina yake, EAZ. Tanganyika ikawa Tanzania, lakini EAT ikabaki. Wazee watakumbuka Jumuiya ya kwanza ilivyovunjika mwaka wa 1977, Tanzania ikafunga mpaka tangu Februari mwaka huo hadi Novemba 1983. Miaka hiyo yote gari la Kenya halikupita Namanga, lakini EA ilikaa tu nyuma ya magari ya pande zote mbili kama jina la ukoo uliogombana.

Majirani wengine hawana EA. Rwanda ni RWA. Burundi ni RU, na hapo si makosa ya mwandishi. Herufi hizo zinakumbusha jina la zamani, Ruanda-Urundi. Kongo ya Kinshasa ni CGO, lakini ilipoitwa Zaire ilikuwa ZRE. Hata Waingereza wenyewe walibadilisha: tarehe 28 Septemba 2021 waliacha GB wakachukua UK.

Msichanganye alama hii na namba. Namba zetu huanza na K na za Uganda huanza na U, kwa hivyo mtu husema, "Si namba inatosha?" Haitoshi. Huko Ujerumani gari lenye K mwanzoni ni la mji wa Köln. Hapa kwetu trela huandikwa namba zinazoanza na Z, na magari ya Zanzibar pia huanza na Z. Mtu asiyejua ataandika polisi wamtafute mwenye trela Unguja, kumbe yuko Mlolongo!

Tuje kwa safari. Nilisimuliwa habari za kikundi kimoja cha akina mama waliotaka kwenda Arusha kuona ufugaji wa nyuki. Walichanga miezi mingi, wakakodi matatu. Mwenye gari akanunua stika ya EAK mjini, akabandika, akawaambia, "Hii ndiyo pasi ya kuvuka." Walipofika Namanga wakaulizwa makaratasi. Logibuku ilikuwa na jina la mtu mwingine, na barua ya kumruhusu dereva haikuwepo. Bima ilikuwa ya Kenya peke yake. Walilala Namanga, asubuhi wakarudi nyumbani. Pesa za kukodi gari hazikurudi.

Stika haivushi mtu. Inayovusha ni logibuku, na kama gari si la dereva, barua ya mwenyewe. Gari likiwa na mkopo, benki ambayo jina lake limo ndani ya logibuku nayo iandike. Kisha Kadi ya Njano ya COMESA, ambayo mwenye gari huiomba kwa kampuni yake ya bima. Mpango huo ulianza mwaka wa 1987, na Tanzania imo ingawa ilitoka COMESA mwaka wa 2000. Mpakani gari hupewa kibali chenye siku zake, zihesabuni, msizipitishe. Na kwa vile ni matatu, mwulizeni mwenyewe kama leseni yake ya barabara inaruhusu kubeba abiria nje ya Kenya. Mwulizeni kabla ya kumpa hata shilingi ya kwanza.

Kadi hiyo inafanya kazi upande wa pili pia, na hapa wenzetu wa Makueni wasikilize sana. Lori la nje likimgonga mtoto wako au likiangusha duka lako, usidhani mambo yameisha kwa sababu dereva ameenda kwao. Kila nchi iliyo katika mpango huo ina ofisi yake, na ofisi ya nchi ambako ajali imetokea ndiyo hushughulikia madai. Lakini lazima gari lijulikane. Kwa hivyo andika namba ya kichwa cha lori, namba ya trela (mara nyingi hazifanani), herufi za alama ya yai kama ipo, na namba ya Kadi ya Njano yenyewe. Mwombe polisi aiandike pia, halafu ufuatilie abstrakti. Usikubali noti mbili tatu za hapo kando ya barabara kabla mgonjwa hajaonwa na daktari.

Ya kujadili mkikutana: Kikundi chenu kikikodi gari kesho, ni nani atakayeomba kuona logibuku, na atamwambiaje mwenye gari akikasirika? Je, mwandishi wenu ana kalamu na kijitabu safarini, ama vyote vimefungiwa kwenye sanduku la kikundi?