Kukosoa Hoja Pasipo Kumvunja Muulizaji

Kila mwalimu wa sayansi amepata kusikia darasani mwake swali lililowafanya wanafunzi wengine waangue kicheko. Katika dakika hiyo moja mambo mawili huamuliwa. La kwanza ni kama jambo lililoulizwa litachunguzwa. La pili ni kama mwanafunzi aliyeuliza atathubutu kuuliza tena.

Sayansi haiwezi kuendelea pasipo kukosolewa. Dai lisilopingwa halijajaribiwa, na dai lisilojaribiwa si elimu bado. Hata hivyo, si kila neno la kupinga ni ukosoaji. Katika somo hili tutaichunguza tofauti hiyo, pamoja na wajibu wa yule anayesimamia mazungumzo, awe mwalimu darasani, kiongozi wa chama cha sayansi shuleni, au mhariri wa jarida. Mfano wetu mkuu umetoka katika shule za Tanzania, nao unajulikana duniani kote.

Swali la Mpemba

Mwaka 1963 Erasto Mpemba alikuwa kidato cha tatu katika Shule ya Sekondari ya Magamba. Wanafunzi wa hapo walikuwa na desturi ya kutengeneza aiskrimu. Walichemsha maziwa, wakayachanganya na sukari, wakayaacha yapoe, kisha wakayatia katika jokofu. Nafasi ya jokofu ilikuwa haba, na kila mmoja aliiwania. Siku moja mwenzake mmoja aliweka maziwa yake bila kuyachemsha. Mpemba, akihofia kuikosa nafasi, aliyaweka ya kwake yangali ya moto. Waliporudi baada ya muda wa saa moja na nusu hivi, walikuta maziwa ya Mpemba yameganda, ilhali ya mwenzake yalikuwa bado ujiuji mzito.

Mpemba alimwuliza mwalimu wa fizikia sababu ya jambo hilo. Akajibiwa kuwa alikuwa amechanganyikiwa, kwani jambo kama hilo haliwezekani. Baadaye rafiki yake aliyekuwa akitengeneza na kuuza aiskrimu mjini Tanga alimweleza kuwa naye huuweka mchanganyiko wake jokofuni ungali wa moto, kwa kuwa huganda upesi zaidi.

Alipofika Shule ya Mkwawa, Iringa, kwa masomo ya juu ya sekondari, wanafunzi walifundishwa kanuni ya Newton ya kupoa. Mpemba akauliza tena swali lake. Mwalimu wa huko, alipoona kuwa kijana hakuridhika na jibu, alisema kuwa hiyo ilikuwa fizikia ya Mpemba, si fizikia ya ulimwengu. Tangu siku hiyo, kila Mpemba alipokosea hesabu, mwalimu na wanafunzi walimwambia kuwa hiyo ni hisabati ya Mpemba.

Siku moja Dk. Denis Osborne, mhadhiri wa fizikia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, alikwenda shuleni hapo kuzungumza na wanafunzi. Mpemba alisimama akauliza: vyombo viwili vinavyofanana vyenye maji ya ujazo ulio sawa, kimoja kikiwa na maji ya nyuzi 35 za sentigredi na kingine ya nyuzi 100, vikiwekwa jokofuni pamoja, kile cha nyuzi 100 huganda kwanza, ni kwa nini? Baadhi ya wenzake walinung'unika kuwa amewaaibisha mbele ya mgeni. Mwingine alimwuliza kama kweli aliielewa sura ya kanuni ya Newton.

Osborne alitabasamu, akaomba swali lirudiwe, kisha akauliza kama muulizaji amelifanya jaribio hilo yeye mwenyewe. Alipojibiwa kuwa amelifanya, alikiri kuwa hajui sababu, akaahidi kulijaribu atakaporejea Dar es Salaam. Ahadi hiyo aliitimiza. Mwaka 1969 Mpemba na Osborne walichapisha makala yao pamoja katika jarida la Physics Education la Uingereza. Wakati huo Mpemba alikuwa mwanafunzi wa chuo cha wanyamapori karibu na Moshi. Jambo aliloliona leo huitwa athari ya Mpemba.

Hoja iliyofichwa na kicheko

Wasomaji wengi huihitimisha habari hii kwa kusema kuwa mwalimu alikuwa mkali mno. Hilo si kosa lililo kubwa zaidi. Kosa kubwa ni kwamba maneno yake hayakuwa na hoja ndani yake, ingawa hoja nzito ilikuwapo mkononi mwake. Tuitazame.

Chukua chombo A chenye maji ya nyuzi 90 na chombo B chenye maji ya nyuzi 30. Ili maji ya A yagande, hayana budi kwanza kushuka hadi nyuzi 30. Yakifika hapo, yapo pale pale maji ya B yalipoanzia. Tuseme B ilihitaji dakika 40 kutoka nyuzi 30 hadi sifuri. Basi A nayo itahitaji dakika zizo hizo 40, na juu ya hizo muda wa kushuka kutoka 90 hadi 30. Kwa hesabu hii A haiwezi kamwe kuitangulia B.

Hii ni pingamizi yenye nguvu. Lau mwalimu angeisema hivi, Mpemba angepata kitu cha kukishika na kukichunguza. Maana pingamizi hii ina dhana moja iliyojificha: kwamba hali ya maji huelezwa na kipimo cha joto peke yake. Je, maji yaliyoteremka kutoka nyuzi 90 ni sawa kwa kila hali na maji yaliyoanza katika nyuzi 30? Huenda sehemu yake imegeuka mvuke, na yaliyobaki ni machache. Huenda gesi zilizoyeyuka ndani yake zimetoka. Huenda mikondo ndani ya chombo imeyafanya maji ya juu yawe ya moto kuliko ya chini. Huenda chombo cha moto kimeyeyusha theluji ya jokofu chini yake, kikashikamana na sakafu ya baridi.

Tazama lililotokea. Pingamizi moja iliyosemwa kwa ukamilifu imezaa majaribio manne. Osborne alifuata njia hiyo hiyo. Aliweka bikari zake juu ya kipande cha povu la plastiki ili joto lisipotee kwa chini. Alipima maji yaliyopotea kwa mvuke, akaona ni machache mno kuwa sababu ya kutosha. Alipotandaza utando wa mafuta juu ya maji, kuganda kulichelewa sana, na hivyo akatambua kuwa sehemu kubwa ya joto hupotea kupitia uso wa juu wa maji.

Msemo wa "fizikia ya Mpemba" haukuzaa hata jaribio moja. Kwa hiyo dhihaka ni ukosoaji dhaifu, na mwenye kudhihaki hujinyima silaha aliyo nayo.

Alama za maoni yanayofaa

Kutokana na mfano huu twaweza kutaja alama nne za maoni ya kukosoa yaliyo ya kisayansi.

Kwanza, mkosoaji ameelewa alichoambiwa. Osborne aliomba swali lirudiwe kabla hajajibu. Mkosoaji na aseme dai la mwenzake kwa namna ambayo mwenye dai atakubali kuwa ndilo lake.

Pili, maoni yanahusu dai, wala si mwenye dai. Kumwuliza mtu kama ameielewa sura ya kitabu ni kumpima yeye. Kumwonyesha mahali kanuni ya sura hiyo inapopingana na dai lake ni kulipima dai.

Tatu, maoni yanaweza kujibiwa kwa kipimo. Asemaye kuwa haiwezekani amefunga mlango. Aulizaye kama vyombo vilikuwa na ujazo ulio sawa ameufungua.

Nne, mkosoaji yuko tayari kushindwa. Hapa fundi mmoja wa maabara alitoa funzo bila kukusudia. Osborne alimwomba afanye jaribio hilo, naye akaleta habari kuwa maji ya moto ndiyo yaliyoganda kwanza. Kisha akaongeza kuwa wataendelea kulirudia hadi wapate matokeo yaliyo sahihi. Kurudia jaribio ni jambo jema. Ila matokeo yaliyo sahihi yakishajulikana kabla ya kupima, basi hakuna haja ya kupima.

Kazi ya msimamizi

Maoni mazuri hayajitokezi yenyewe. Hapana budi awepo mtu wa kuyaongoza, na kazi hii ni ya kale kama majarida ya sayansi yenyewe. Mwezi wa Februari 1672 Isaac Newton alipeleka kwa Royal Society ya London barua juu ya mwanga na rangi. Katika muda wa wiki moja Robert Hooke, mwanachama mwenye sifa kubwa, aliwasilisha maoni ya kuipinga. Chama kilimshukuru Hooke, lakini kiliamua kutoyachapisha maoni yake pamoja na barua ya Newton, ili Newton asione kuwa amevunjiwa heshima kwa kupingwa upesi namna hiyo. Maoni yenyewe hayakutupwa. Newton alipelekewa ayajibu. Katibu Henry Oldenburg, aliyekuwa mhariri wa jarida, alichapisha majibu ya Newton mwezi wa Novemba mwaka huo, na jina la Hooke halikutajwa humo. Wasomaji waliiona hoja na majibu yake, bila kuonyeshwa watu wawili wakigombana.

Hata hivyo, uangalifu huo haukutosha. Newton alichoshwa na mabishano hayo, na mwaka 1673 alitaka kujitoa chamani. Kitabu chake kikubwa juu ya mwanga kilitoka mwaka 1704 tu, baada ya Hooke kufariki mwaka 1703. Ikiwa mtu wa kimo cha Newton aliweza kunyamazishwa na maneno makali kwa miaka mingi, tusistaajabu mwanafunzi wa kidato cha pili anyamazishwe na kicheko cha siku moja.

Msimamizi ana hatari mbili za kuziepuka. Ya kwanza ni kuyaacha maneno yote yapite, kwa kisingizio cha uhuru. Ya pili ni kuyazuia maoni yote yanayouma, kwa kisingizio cha adabu. Hatari hii ya pili husahaulika mara nyingi. Darasa ambalo wanafunzi husifiana tu halijifunzi, na mwenye kosa huondoka nalo kama alivyokuja. Kwa hiyo msimamizi na ayagawe maoni katika mafungu matatu. Yenye hoja na adabu yapite. Yenye hoja iliyochanganyika na matusi yarudishwe kwa msemaji, aitoe dharau na kuibakiza hoja. Yasiyo na hoja kabisa yakomeshwe palepale, mbele ya wote, ili muulizaji ajue kuwa swali lake lingali hai. Mzaha wa mwalimu huigwa na darasa zima. Ndivyo fizikia ya Mpemba ilivyogeuka upesi kuwa hisabati ya Mpemba.

Ukosoaji wa baadaye

Ingekuwa makosa kumwacha msomaji akidhani kuwa Mpemba alithibitishwa na mjadala ukafungwa. Wengine kabla yake walikwisha kuandika jambo hilo, miongoni mwao Aristotle, Francis Bacon na René Descartes. Lakini mwaka 2016 Henry Burridge na Paul Linden, wataalamu wa Uingereza, walichapisha uchunguzi uliolipinga. Walilinganisha vipimo vya watafiti wengi na vya kwao wenyewe kuhusu muda wa maji kupoa hadi nyuzi sifuri. Waliona kuwa tofauti ya sentimita moja tu katika kimo cha kipimajoto ndani ya maji yatosha kuleta matokeo yanayofanana na athari hiyo, nao hawakupata ushahidi wa kuridhisha kuwa athari ipo. Mwaka 2020 Avinash Kumar na John Bechhoefer, nchini Kanada, walionyesha athari ya namna hiyo katika mfumo mwingine, wa chembe ndogo sana zilizodhibitiwa ndani ya maji. Kwa upande wa maji yanayoganda jokofuni, wataalamu wangali wanabishana.

Msomaji aone kuwa uchunguzi wa mwaka 2016 ni pingamizi kali kuliko neno lolote aliloambiwa Mpemba shuleni. Lakini ulitaja vipimo, ukaonyesha mahali pa kosa, na kila mwenye kipimajoto anaweza kuujaribu. Pingamizi ya namna hii haimvunji muulizaji hata ikimshinda, kwani humwonyesha mahali pa kuanzia tena.

Zoezi

1. Tia maji ya ujazo ulio sawa katika vyombo viwili vya bati vinavyofanana, kimoja kikiwa na maji ya nyuzi 30 na kingine ya nyuzi 70. Viweke katika jokofu juu ya ubao mkavu. Andika wakati barafu ya kwanza inapoonekana katika kila chombo. Rudia mara tano, ukivibadilishana mahali.

2. Badilishaneni taarifa za jaribio. Kila mwanafunzi aandike pingamizi moja juu ya taarifa ya mwenzake, itakayoweza kujibiwa kwa kipimo.

3. Geuza maneno haya yawe pingamizi ya kisayansi: "Umekosea, hata mtoto anajua maji ya baridi ndiyo yaliyo karibu na barafu."

4. Mwalimu: katika wiki moja hesabu maswali yanayoulizwa na wanafunzi wako, na uangalie ni wangapi kati ya walioulizwa kwa kicheko waliouliza tena.