Dondoo muhimu: Kijana, ukisimamishwa na polisi Marekani

Hata kama una miaka 16 na leseni mpya, Katiba ya Marekani inakulinda barabarani kama inavyomlinda baba yako. Egesha kando, zima gari, weka mikono juu ya usukani. Kabla ya kutoa karatasi, sema: "Kadi ya bima iko kwenye droo ya dashibodi, naichukua." Ukiambiwa ushuke, shuka, Mahakama ya Juu iliruhusu amri hiyo tangu 1977.

Kwenye upekuzi ndipo vijana wetu wanapoponzwa na heshima tuliyowafunza kwa wakubwa. Askari akisema, "Naweza kuangalia ndani?" hilo ni ombi, na sheria haimlazimishi kukuambia kwamba unaweza kukataa. Jibu kwa upole: "Samahani afande, sikubali gari lipekuliwe." Kukataa si utovu wa adabu, wala si ushahidi kwamba umeficha kitu. Akiwa na sababu ya msingi, mfano ameona dawa za kulevya haramu kitini, anaweza kupekua bila ridhaa yako. Vyovyote vile usimzuie. Wakili ataupinga upekuzi huo mahakamani.

Simu je? Tangu 2014, hata ukikamatwa, kwa kawaida askari anahitaji kibali cha mahakama kuipekua. Usiifungue kwa hiari.