SOMO: SUMU YA KAZINI ISIFIKE KWA WATOTO



Watoto wetu hawaingii kiwandani wala shambani, lakini sumu ya kazini huweza kuwafuata nyumbani.

Tutazame jirani zetu wa Kenya. Karibu na mtaa wa Owino Uhuru, Mombasa, palikuwa na kiwanda cha kuyeyusha betri kuukuu za magari ili kupata risasi. Moshi na maji machafu viliingia mtaani. Bi. Phyllis Omido alifanya kazi ya ofisini hapo, si ya tanuru, lakini mtoto wake mchanga alipimwa akakutwa na risasi katika damu. Aliungana na wakazi kupigania haki. Kiwanda kilifungwa mwaka 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi za Kenya bilioni 1.3, na baada ya rufani, Mahakama ya Juu iliirudisha hukumu hiyo Desemba 2024.

Fedha ni haki yao, lakini haziponyi ubongo uliokwisha kuharibika. Kinga ndiyo dawa.

Kwa nini watoto huumia zaidi? Hutambaa mavumbini na kutia mikono kinywani. Tena mwili wa mtoto mdogo huweza kunyonya risasi mara 4 hadi 5 kuliko wa mtu mzima. Mama mjamzito naye humpitishia mtoto aliye tumboni.

Tufanye haya:

1. Tuoge na kubadili nguo kabla ya kutoka kazini.
2. Nguo za kazi zisifuliwe pamoja na za watoto.
3. Tusimbebe mtoto kabla ya kuoga.
4. Dumu la dawa ya kunyunyizia mimea lisitiwe maji ya kunywa wala mafuta ya kula, hata likioshwa mara kumi.

Lakini mfanyakazi ataogaje pasipo bafu? Hapo ndipo kazi ya chama. Mkataba Na. 155 wa Shirika la Kazi Duniani, wa mwaka 1981, unasema hatua za usalama na afya kazini zisimgharimu mfanyakazi. Basi tudai bafu, sabuni, ovaroli za kufuliwa kazini na kupimwa damu.

Maswali ya kujadili tawini:

1. Kazini petu tunashika sumu gani?
2. Nguo zetu za kazi hufuliwa wapi, na nani?
3. Tutapeleka dai gani kwanza kwa mwajiri?

Majibu yaandikwe na kukabidhiwa katibu wa tawi.