MAZOEZI YASIYOUMIZA MAGOTI

Wazee wengi wakiumwa magoti huacha mazoezi kabisa, na moyo nao hudhoofika. Yafaa wachague zoezi, wasiliache.

Mkimbiaji huruka, na kila atuapo goti hupokea mzigo uzidio uzito wa mwili wake. Atembeaye daima ana mguu mmoja chini; kishindo chake ni kidogo. Mpanda baiskeli hubebwa na kiti.

Mijini watu huchagua mashine, kama vile baiskeli isiyokwenda popote. Hapa Busunzu tuna baiskeli za kweli na vilima. Basi, kwenye tambarare mzazi na apande baiskeli, kiti kiwe juu hata goti likunjike kidogo tu pedali ifikapo chini. Mlimani ashuke, aisukume. Mteremko huyaelemea magoti kuliko mpando, ashuke polepole. Goti likivimba, aende zahanati.

Shirika la Afya Duniani lilishauri mwaka 2020 kwamba watu wazima wapate angalau dakika 150 za mazoezi ya wastani kwa juma. Ndiyo nusu saa kwa siku tano. Haba na haba hujaza kibaba.